Kikapu cha Bi Zuhura

Mwezi uliopita nililala tena katika chumba namba saba. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimeshuka Mombasa kwa arusi ya mpwa wangu, na watoto wangu walinitafutia hoteli kubwa ya ufuoni upande wa Nyali, yenye lifti na taulo zilizokunjwa mfano wa bata. Nilikaa humo usiku mmoja. Asubuhi yake nilimwambia dereva wa tuktuk anipeleke Mji wa Kale, na aliponiuliza wapi hasa, mdomo ukatamka wenyewe jina ambalo sikuwa nimelitaja kwa karibu miaka thelathini: Upepo Lojing. Mke wangu, Mama Wakesho, alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Tulimzika Jumamosi, na Jumatatu ya pili yake watu walikwisha kuniuliza kama nimerudi kazini, kana kwamba nilikuwa na mafua. Tangu siku hiyo nilikuwa mtu wa kupelekwa tu, kanisani nikipelekwa, sokoni nikipelekwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu mahali ninapotaka kwenda. Dereva aliijua nyumba. Akasema bado ipo, na bibi mwenye nyumba bado yupo.

Nilifika pale mara ya kwanza katikati ya miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na futi ya chuma mfukoni, na ubao wa kuchorea kwapani. Kazi yangu ilikuwa kupima na kuchora majumba ya zamani, mlango kwa mlango na roshani kwa roshani, ili yasije yakaanguka bila ya mtu kujua yalivyokuwa. Ilikuwa kazi ya mwaka mmoja. Bosi wangu aliona ni upuuzi niamke kila siku Changamwe nije kupima Mji wa Kale, akanitafutia chumba katikati ya mitaa yenyewe, katika hoteli ndogo ya vyumba saba ambayo kibao chake kilikuwa kimebanduka rangi hata ukalazimika kusimama upande ndipo ukisome. Mwenyewe, Mzee Swaleh, mtu mrefu wa kofia ya vito iliyotariziwa kwa mkono, alinipokea kwa masharti. "Hii si lojing, kijana," alisema. "Lojing ziko Makupa, kwa madereva wa malori. Hii ni nyumba ya wageni." Nilimuuliza mbona kibao chasema lojing. Akanitazama kwa huruma, akasema kibao kiliandikwa na fundi aliyekuwa na haraka. Kisha akanipa ufunguo uliofungwa kwenye kifuu cha nazi, ili mgeni asisahau akaondoka nao mfukoni.

Chumba namba saba kilikuwa ghorofa ya pili, pembeni. Nilikipima siku ile ile, ndivyo nilivyo. Urefu futi kumi na mbili na inchi mbili upande mmoja, futi kumi na moja na inchi tisa upande wa pili, maana hapana chumba cha Mji wa Kale kilicho na pembe za sawasawa. Boriti za darini zilikuwa ishirini na moja. Kitanda kilikuwa cha kamba, chandarua kilikuwa na kiraka cha kanga yenye maua mekundu, na dirisha lilitoka kwenye roshani ya mbao iliyoning'inia juu ya baraza, na kwa kuwa kichochoro kilikuwa chembamba, maneno yote ya barazani yalipanda moja kwa moja hadi kwenye mto wangu. Alasiri nilijilaza pale baada ya kazi, jua likipita katika vitundu vya mbao na kutambaa ukutani polepole, na katika hali ile ya kulala na kutolala nilisikia habari za mji mzima. Nilijua nani kaposa na nani kakataliwa, meli gani imekwama Kilindini, na mzee gani hamsemeshi nduguye. Mfaransa mmoja, mwalimu, aliyekaa wiki mbili chumba namba tatu, alituambia kwamba mjini kwao pia vichochoro ni hivi hivi, na karibu na kanisa lao kuu iko hoteli ndogo kama hii ambayo mwenyewe hujua umeamka kwa kusikia mbao zikilia. Mzee Swaleh alifurahi sana kusikia hivyo. Akasema basi huko nako hakuna lojing.

Tulikula chini, katika ua wa katikati, mahali palipo wazi juu hata ukiinua uso waona kipande cha mbingu na kuta za orofa tatu. Mpishi alikuwa Bi Tatu, mwanamke mnene wa Kidigo mwenye kucheka kwa mabega, na asubuhi alituletea mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya iliki ambayo sijapata kunywa mfano wake. Lakini aliyepanga kila kitu alikuwa mke wa mzee, Bi Zuhura. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu au minne hivi, mdogo kwa mumewe kwa miaka zaidi ya ishirini, na hawakujaliwa mtoto. Hoteli ndiyo ilikuwa mtoto wake. Alijua mgeni gani hali pilipili, gani ana mguu mbovu asipewe chumba cha juu. Mimi sikumwambia kitu, lakini wiki ya pili nilikuta meza chumbani kwangu, imewekwa penye mwanga. "Mchoraji, ndoo ule, chai yapoa," ndiyo sauti yake ninayoikumbuka kwanza, kwa lafudhi ya kisiwa chao cha Pate, njoo ikiwa ndoo na macho yakiwa mato. Na tena: "Mbona mato mekundu? Hizo nyumba hazikimbii, lala." Jina langu, Mwakio, hakulitumia hata mara moja. Neno jingine nalisema hapa kwa kuwa nimekuwa mzee na mke wangu, Mungu amrehemu, alilijua kabla ya kuolewa nami: nilimpenda Bi Zuhura. Sikuwa na nia wala matumaini ya lolote. Nilimpenda kama mtu anavyopenda mahali fulani, nikapanga siku zangu ili nipite pale alipo.

Kila Alhamisi alasiri Mzee Swaleh alitoka na bakora yake, akarudi na kikuba, kishada kidogo cha asmini na majani ya rehani, kimefungwa katika jani la mgomba. Alikiweka juu ya daftari la wageni, mbele ya mkewe, naye Bi Zuhura alikichukua bila kumtazama, akakibandika kifuani chini ya leso. Nyumba nzima ilinukia hadi Ijumaa jioni. Mimi niliyatazama hayo kutoka mezani na nikaona ndiyo ndoa hasa, na baadaye nilipooa nilijaribu kuyaiga kwa maua ya mlimani kwetu Taita, nikachekwa.

Mzee alikufa mwezi wa tano wa kukaa kwangu pale. Alianguka ngazini alfajiri akitoka kutawadha, na kufikia adhuhuri alikuwa amezikwa, upesi ambao mimi Mkristo wa Taita, niliyezoea maiti kukaa wiki nzima ikingojea jamaa wa Nairobi, uliniacha nimeduwaa. Bi Zuhura akaingia eda. Bi Tatu ndiye aliyenieleza: miezi minne na siku kumi mke aliyefiwa hatoki nje, haonekani na wanaume wasio maharimu wake, yaani wanaoweza kumwoa, wala hajipambi. Akahamia orofa ya juu kabisa, pazia jeusi likatundikwa penye kichwa cha ngazi. Nyumba lakini ilijaa wageni, nusu yao wanaume, nao walitaka chai na shuka na funguo. Basi akabuni kikapu. Kilikuwa kikapu cha ukindu kwenye kamba ndefu, kikishuka kutoka dirisha lake la ndani hadi uani tulikokula. Asubuhi kilishuka na funguo na maagizo ya jikoni. Jioni kilipanda na daftari la wageni ili ajue nani kalala wapi. Kwa kuwa Bi Tatu hakujua kuandika, kazi ya daftari nikaichukua mimi. Sikumwona tena. Niliona mkono tu wakati mwingine, ukivuta kamba, na nilisikia sauti ikimwita Bi Tatu. Siku zilikuwa ndefu na kimya, na mimi niliishi nikisubiri kikapu.

Tatizo lilikuwa shemeji yake. Bwana Nassor, mdogo wake marehemu, alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu nadhifu asiyeinua sauti. Nyumba ilikuwa ya urithi wa ndugu hao wawili, na kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto, sasa neno lilikuwa lake. Alitaka iwe bohari. Alasiri moja, nimejilaza, nilimsikia chini barazani akiwaambia wazee wenzake: "Nimemwahidi kaka yangu kaburini sitafanya kitu eda haijaisha. Ikiisha, na nyumba iwe imetulia, jina letu halina doa, funguo tampa shemegi aendelee. Lakini mwanamke peke yake na wanaume wageni nyumba moja... Nikisikia neno moja, moja tu, nafunga milango, naye arudi kwao Pate." Wazee wakasema ni haki. Nililala nikizihesabu boriti ishirini na moja, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba michoro yangu ya nyumba ile ingeweza kuwa ndiyo kitu pekee kitakachobaki.

Sasa nije kwenye ujinga wangu. Mwezi wa tatu wa eda nilikwenda kwetu siku chache, kumzika babu mdogo. Kaburi lilifunikwa maua hata udongo hauonekani, na shangazi mmoja akasema kufiwa bila maua ni kama kutupwa. Neno hilo likaniingia. Nilikumbuka kwamba tangu Mzee Swaleh afe, Alhamisi zimepita kimya, hapana aliyemletea mkewe hata ua moja. Niliporudi ilikuwa Alhamisi. Niliposhuka kwenye basi Makupa, kwenye vumbi na honi za malori, nikamwona mama amekaa na sinia la vikuba. Nikanunua kimoja kizuri, asmini mbichi zimechanganywa na rehani. Nilikishika njia nzima hadi Mji wa Kale nikijiona mtu mwenye adabu sana. Nilifika baada ya sala ya alasiri. Uani palikuwa na Bi Tatu akichambua mchele, na Bwana Nassor amekuja kutazama nyumba, ameketi na kikombe cha kahawa. Nikawaamkia. Nikaandika majina ya wageni kwenye daftari, nikaliweka kikapuni, na juu ya daftari nikaweka kikuba katika jani lake, vile vile alivyokuwa akifanya marehemu. Nikatikisa kamba.

Kikapu kilipanda. Bwana Nassor hakuwa ametazama, alikuwa akipuliza kahawa. Kilifika dirishani, mkono ukakiingiza ndani. Kisha pakawa kimya. Naweza kuupima ukuta wowote, ila kimya kile sikuweza kukipima. Nadhani kilitosha mtu kuvuta pumzi mara mbili tatu. Halafu kikuba kikaanguka. Kilipita orofa tatu, kikapasuka kwenye sakafu mbele ya viatu vya Bwana Nassor, na asmini zikatawanyika hadi kwenye ungo wa mchele. Harufu ikajaa ua mzima. Bi Tatu aliinua uso akanitazama, na sikuona hasira usoni mwake, niliona hofu.

"Manukato," alisema Bwana Nassor kwa sauti ile ile ya chini. "Edani. Nani kaleta?" Nikasema ni mimi. "Wajua kwamba mwanamke aliye edani hanusi uturi, hajipambi, wala haposwi? Wajua maana ya mwanamume kumpelekea kikuba?" Nilisema sikujua kwamba maua nayo ni mapambo. Hakuniamini, na ningekuwa yeye nisingejiamini pia. Sauti ya Bi Zuhura ikashuka kutoka nyuma ya pazia, imara kabisa: "Shemegi, umeona kwa mato yako. Kimekuja, nimekitupa." Bwana Nassor akainuka, akapangusa ua moja lililonasa kwenye kanzu. "Kutupa umetupa, bibi. Lakini watu hawatauliza kilivyotupwa, watauliza kilivyokuja." Akatoka. Jioni hiyo nilianza kufunga mizigo yangu. Nilikuwa nimemvunjia mtu nyumba kwa kikuba kimoja, na nikakunja karatasi za michoro kwa aibu. Bi Tatu akanigongea mlango. "Amesema usihame," alinong'ona. "Asema ukihama watu watasema umekimbia, na anayekimbia ana lake. Asema kaa, uonekane." Akatazama sanduku langu. "Na mimi nasema, kesho ukale barazani mbele ya watu, wala si chumbani kama mwizi."

Sikulala vizuri, lakini kesho yake nilijua la kufanya. Baada ya sala ya Ijumaa wazee walikuwa barazani, Bwana Nassor katikati yao, na muuza kahawa akigonga vikombe. Nilisimama mbele yao kichochoroni nikasema, "Masalkheri, wazee. Nimekuja kukiri. Mimi ndiye niliyetia kikuba kikapuni." Nikawaeleza habari ya babu mdogo na maua ya kaburini na maneno ya shangazi. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, fundi seremala ambaye nilikuwa nimechora milango yake, alinisikiliza kichwa upande. "Ngoja kwanza," akasema. "Kwenu hayo maua huwekwa wapi?" Nikasema, juu ya kaburi. "Basi huyu mama yu hai, nawe wampelekea maua ya kaburi! Kwani ulidhani ni yeye aliyekufa?" Wakaangua kicheko. Walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Mwingine akauliza kama kwetu mtu akiumwa na jino tunamshonea sanda. Nilisimama nikachekwa, na nilipoona mdomo wa Bwana Nassor unatetemeka, kisha naye akacheka akijifuta macho, nilijua nyumba imepona. Hapana amwogopaye mwanamume aliyekwisha kuchekwa hivyo. Kutoka siku ile nikawa Mtaita wa Maua. Watoto waliniimbia hadi ufuoni Mama Ngina nilikokwenda kula muhogo, na wauza madafu wakaniuliza leo nazika nani. Nilikuwa kijana na iliniuma. Lakini nilikuwa nimesema kweli mbele ya watu, kweli yote isipokuwa moja, na ile moja ndiyo iliyonifanya niweze kusimama pale.

Eda iliisha. Siku hiyo wanawake walijaa orofa ya juu tangu asubuhi, maji yakamwagwa, udi ukashuka ngazini mpaka chumbani kwangu, na vigelegele vikapigwa hata njiwa wakaruka juani. Mimi nilikaa juu ya kitanda changu cha kamba, nikausikiliza mlango wa chini ukifunguliwa. Bwana Nassor alizikusanya funguo akamkabidhi mbele ya jamaa, zote pamoja na vifuu vyake ila wa kwangu, ninazisikia zikigongana mpaka leo. Kazi yangu ilikwisha wiki sita baadaye. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta kwenye meza ya daftari, ndani ya buibui, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Hatukuwa peke yetu, palikuwa na wageni wawili wakingoja chai. "Watu wamekucheka sana kwa ajili yangu, Mchoraji," alisema. Nikamwambia si neno. "Haya, safari njema." Nikampa ufunguo, naye akautundika mahali pake. Nilirudi juu milimani, nikaoa, nikalea watoto watatu, nikachora shule na zahanati, na nilikuwa na maisha mema na mwanamke mwema. Sikurudi tena mtaa ule.

Basi mwezi uliopita nikaingia. Kibao ni kipya, bado kinasema lojing. Bi Zuhura alikuwa nyuma ya meza ile ile, miwani puani, nywele chini ya mtandio zimekuwa nyeupe. Aliniangalia muda mrefu. "Hujambo, Mchoraji," akasema, kama mtu niliyeachana naye juzi, akanyoosha mkono akatoa namba saba ukutani. Tukaulizana hali. Bi Tatu ameshatangulia, na Bwana Nassor pia. Nilimwambia habari za Mama Wakesho, na kwamba umepita mwaka na bado sijui niuweke wapi mwili wangu. Hakusema maneno ya kawaida ya pole. Akauliza, "Walikuacha ukae ndani?" Nikasema siku tisa. Akatikisa kichwa. "Siku tisa hazitoshi kitu. Mie miezi minne niliiona haba." Ndipo nikaelewa, kwa uzito wa miaka yote ile, kwamba pazia lile jeusi ambalo kwangu lilikuwa kifungo, kwake lilikuwa mahali pa kulia pasipo mtu wa kumuuliza kama amepoa.

Alasiri niliketi uani peke yangu, chini ya kipande kile cha mbingu. Ilikuwa Alhamisi, sikuwa nimekumbuka. Nilisikia kitu kikisugua ukuta, nikainua uso: kikapu kilikuwa kinashuka kwa kamba, polepole, kutoka dirisha la juu, na harufu ilifika kabla yake. Kilitua mezani mbele yangu. Ndani mlikuwa na kikuba katika jani la mgomba, asmini mbichi na rehani. Nikakishika nisijue la kufanya nacho.

"Nusa," sauti ikasema kutoka juu. "Mwanamume hana eda."

Nikanusa. Nilikuwa nimetimiza mwaka mzima bila kulia mbele ya mtu, na nililia pale, kikuba usoni, mgeni mmoja akipita na taulo begani. Alingoja hadi nikanyamaza. Kisha akaanza kuivuta kamba, na kikapu kilipokuwa katikati ya orofa mbili kikasimama.

"Na kile chako cha kwanza," alisema, "nilikinusa kabla sijakitupa."